Matembezi ya ndege Mida Creek, Machi na Aprili: uliza maji kwanza

Kuanzia wiki ya mwisho ya Machi hadi katikati ya Aprili, ni vigumu kupata kwenye pwani ya Kenya matembezi ya kikundi ya kutazama ndege yanayoyashinda ya Mida Creek. Ni vigumu pia kupata yanayoharibika kirahisi kama haya. Hapa tunazungumzia matembezi ya nusu siku yanayouzwa Watamu na Gede: mwongozaji wa kijijini, darubini moja ya miguu mitatu, daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na kibanda cha kutazamia kule mwisho. Yakipangwa kwa kufuata maji, pesa yako haikupotea. Yakipangwa kwa saa ya hoteli, umelipia tope.

Majira haya yana sababu. Huku kwetu ni tangambili, kaskazi imechoka na kusi bado haijashika. Huko Siberia barafu inakaribia kulegea, na ndege wa ufukweni walioingia kwenye hori hii, yaani mkono huu wa bahari, tangu Agosti na Septemba wanajiandaa kurudi kuzaa. Wanafanya mambo mawili kwa pamoja, kubadili manyoya na kunenepa. Mtu aliyekuja Desemba akaona kundi la ndege wa kijivu wasiotofautiana, akirudi Aprili ataona wekundu, weusi na rangi ya dhahabu kwenye tope lilelile.

Mfano mzuri ni Calidris ferruginea, kitwitwi mwenye mdomo mwembamba uliopinda kidogo kuelekea chini. Mwishoni mwa Machi kifua chake huanza kutokeza madoa mekundu hapa na pale, kama bati linaloanza kushika kutu. Kufikia wiki ya pili ya Aprili, wengine wamekuwa wekundu kuanzia kidevuni hadi tumboni. Uzito nao hupanda, kutoka gramu hamsini na kitu hadi karibu 80, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni mafuta. Ndiyo masurufu ya safari ya zaidi ya kilomita 8,000 hadi tundra ya Siberia. Mwaka 2024 ndege huyu alipandishwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo jinsi kikundi kinavyotembea hapa ni jambo zito, na tutalirudia.

Sasa maji. Mida ni mkono wa bahari wenye mlango mwembamba upande wa Watamu, na ndani yake mna tambarare pana za tope na mchanga. Maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakipwa, tambarare hizo hufunuka zote na ndege hutawanyika hadi usiwaone hata kwa darubini kubwa, vidoa tu vinavyotembea. Yakijaa kabisa, hawana pa kusimama, nao huhamia kwenye mafungu ya mchanga ya mbali au hupanda juu ya mikoko. Muda wa thamani ni ule wa katikati, maji yanapoingia. Tope linapungua dakika baada ya dakika, na ndege wanasukumwa kuelekea ukingo wa mikoko, yaani kuelekea kwako. Anza zikiwa zimebaki saa tatu hivi maji yajae, maliza ikibaki saa moja. Ndani ya saa hizo mbili ndege waliokuwa mbali kupita kiasi huja karibu kiasi kwamba rangi ya miguu inaonekana.

Kwa wanaohesabu siku kama wavuvi, siku nzuri ni mwezi 2 hadi 4, yaani siku ya pili hadi ya nne tangu mwezi kuandama, na tena mwezi 17 hadi 19. Katika pwani hii bamvua hujaa jioni, kuanzia saa kumi au kumi na moja, na kila siku huchelewa zaidi kidogo. Siku hizo nilizotaja maji hujaa karibu na saa kumi na mbili jioni, hivyo muda wako wa kutazama unaangukia kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Joto limepungua na jua liko nyuma yako, kwa kuwa daraja liko upande wa bara na macho yako yanaelekea hori. Asubuhi ni kinyume: jua linakuja usoni, kila ndege ni kivuli cheusi, na kupambanua aina inakuwa kubahatisha.

Siku ya bamvua yenyewe inafaa, ila maji huanza kuingia mchana mkali na itabidi uwe mwisho wa daraja kufikia saa saba. Siku za maji mafu, zile za kati ya bamvua na bamvua, ziache kabisa. Maji hayapandi vya kutosha kuwasukuma ndege, na mahali pengine tope halifunikwi siku nzima, kwa hiyo wao hukaa walipo na wewe unakaa ulipo. Zingatia pia kwamba jedwali la maji linalochapishwa ni la bandari ya Kilindini, Mombasa. Ndani ya hori maji huchelewa, kwa sababu yanalazimika kupita kwenye ule mlango mwembamba. Ukifika kwa saa ya Kilindini, umewahi kidogo tu, na hilo si kosa.

Hapa ndipo lilipo tatizo kubwa la huduma hii. Wauzaji wengi, hasa wanaochukua wageni hotelini, huandika saa kumi na mbili asubuhi kila siku ya mwaka. Saa hiyo ni ya msitu. Ndege wa Arabuko-Sokoke, ng'ambo ya barabara kuu, huimba alfajiri na kunyamaza jua likipanda, na huko alfajiri ni haki yake. Hori haina habari na alfajiri. Siku ya mwezi 3, kwa mfano, saa kumi na mbili asubuhi maji yamejaa pomoni, na kikundi kitasimama darajani kikitazama maji na mizizi. Kabla ya kulipa, muulize mwongozaji swali moja tu: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Akijibu papo hapo, au akasema ngoja nitazame jedwali, umepata mtu. Akikwambia usijali ndege wapo tu, tafuta mwingine.

Daraja lenyewe lina urefu wa mita 260 hivi, limening'inizwa kwa kamba za chuma, na linayumba. Kuyumba huko si hatari ukitembea polepole na kuachiana nafasi, lakini darubini ya miguu mitatu haivumilii. Mtu mmoja akipiga hatua mita kumi nyuma yako, ndege anaruka ndani ya kioo. Mwongozaji anayejua kazi hafungui darubini njiani. Anapeleka kikundi moja kwa moja hadi kibandani, anaweka miguu ya darubini chini kwa urefu wa mtu aliyeketi, na kila mtu anakaa. Njiani tumia darubini ya shingoni, na ya mara 8 inatosha. Ya mara 10 ni nzito mkononi na kwenye mbao zinazoyumba haikuongezei chochote. Darubini kubwa nayo usiivute hadi mara 60 kwa sababu tu inafika huko. Mchana tope lenye joto hutoa mazigazi, hewa inacheza kama juu ya jiko la makaa, na kadiri unavyokuza ndivyo unavyokuza hayo mazigazi. Kaa kwenye mara 25 au 30. Saa kumi jioni hewa ikitulia, kuza.

Idadi ya watu inaamua mengi. Kila mtu anahitaji angalau sekunde 20 kwenye kioo ili amwone ndege, amwelewe, na ampishe mwenzake. Watu 12 kwa darubini moja ni dakika nne kwa kila ndege, na ndege wa tope hakusubiri dakika nne. Walio nyuma kwenye foleni wanakuta mahali patupu. Watu sita au saba kwa darubini moja ndicho kipimo. Wakizidi hapo, ama ije darubini ya pili na mwongozaji wa pili, ama bei ishuke, maana unachonunua ni muda wa kutazama na hapo umepunjwa nusu.

Watu wengi huja hasa kwa ajili ya mla kaa, Dromas ardeola, na wako sahihi. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, na mdomo mnene kama jambia, mzito kuliko unavyotarajia kwa mwili ule. Mtazame anavyowinda. Anasimama kimya, anakimbia hatua tatu nne, anasimama tena shingo ikiwa imeingia mabegani, halafu mdomo unashuka mara moja. Kaa mdogo anamezwa mzima. Kaa mkubwa anapigwapigwa chini na kutikiswa hadi miguu imwachie, ndipo anamezwa. Mwezi Machi bado utaona wachanga wa rangi ya majivu wakiwafuata wazazi huku wakipiga miluzi ya kuomba chakula, ingawa wamekwisha kukua na kuvuka bahari. Ndege hawa huzaa visiwani na pwani za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, tena chini ya ardhi, kwenye mashimo wanayochimba mchangani, yai moja tu, jeupe, linalopata joto la mchanga. Huondoka kwetu majira yaleyale ambayo majahazi ya Maskati yalikuwa yakisubiri kusi ili yarudi kwao.

Kuna jambo la kuchagua hapa. Mla kaa huanza kupungua mwezi wa Aprili, ilhali vitwitwi wekundu hufikia rangi kamili wakati huohuo. Ukitaka wote wawili siku moja, lenga siku za mwisho za Machi na siku kumi za kwanza za Aprili, kisha ndani ya hizo tafuta maji.

Kwa waliokwisha kuanza kujua ndege, mtihani wa Mida ni vitwitwi wawili wa mchangani wanaochanganyika kundi moja, mkubwa na mdogo, ambao majira haya wote hupata kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva. Ukubwa wa mwili haukusaidii wakiwa wametengana. Tazama mdomo. Pima kwa jicho urefu wake, kisha linganisha na nafasi iliyopo kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho. Mdomo ukizidi nafasi hiyo, ni mkubwa, Anarhynchus leschenaultii (zamani Charadrius). Ukilingana nayo au kuwa mfupi, tena butu, ni mdogo. Rangi ya miguu husaidia pia, ya mkubwa huelekea kijani au manjano na ya mdogo ni nyeusi zaidi, lakini miguu yenye tope hudanganya, kwa hiyo subiri apite kwenye maji. Mwongozaji mzuri huwaonyesha wakiwa bega kwa bega na hasemi jina mpaka kikundi kimejaribu. Anayetaja jina na kusogeza darubini amekunyima somo.

Mwingine usimkose: Xenus cinereus, mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu mifupi ya manjano. Hatulii. Hukimbia kichwa kikiwa chini kama anayefukuzana na kitu, na kweli anafukuzana na kaa. Maji yakijaa hukimbilia matawi ya mikoko pamoja na sululu, na kutoka kibandani unawaona wamepangana juu ya majani. Ukibahatika, keremkerem wekundu, wale ndege wala nyuki, huja jioni kulala humohumo mikokoni, lakini kufikia Aprili wengi wameshaondoka.

Majina ni udhaifu wa huduma hii ambao unarekebishika. Waongozaji wengi walijifunza kwa vitabu vya Kiingereza na humwaga majina hayo hata kwa kikundi cha Waswahili watupu. Mgeni anarudi nyumbani na orodha asiyoweza kuisimulia kwa mtu. Wakati huohuo wao wenyewe wana sululu, buabua, shakwe, yangeyange, heroe, na majina ya Kigiriama juu yake. Ni kweli kwamba vitwitwi kwa Kiswahili ni rundo zima, lakini kitwitwi wa mdomo uliopinda au kitwitwi wa miguu ya manjano linatosha kumtambulisha ndege, na jina la kisayansi lipo kwa anayetaka kuandika. Sema wakati wa kuweka nafasi kwamba mnataka kuongozwa kwa Kiswahili. Hawakatai, na wakishazoea huongoza vizuri zaidi.

Kuhusu kushuka kwenye tope: baadhi ya waandaaji hukiteremsha kikundi kutoka darajani ili wageni wapige picha karibu. Hili ni kosa, na ni kosa linalomwangukia ndege. Mtu anayetembea wazi juu ya tambarare hufukuza kundi zima, na kila kuruka kunachoma yale mafuta waliyokuwa wakikusanya. Maji yakiwa yanaingia saa za kula zimebaki chache, na wakifukuzwa mara tatu nne jioni moja hasara yao ni kubwa. Mtumbwi una kosa lilelile ukielekezwa kwenye fungu walikokusanyika. Alama ya kwanza ya usumbufu ni ndege kuacha kula na kuinua shingo. Hapo simama. Kundi zima la ndege likiruka wakati nyinyi mmeketi kimya, tazama juu, kuna mwewe anapita.

Isitoshe tope lenyewe halipendezi. Mizizi ya mchu imesimama wima kama penseli elfu, magamba ya chaza yanakata, na kandambili hubaki chini mguu ukija juu peke yake. Kama njia ya kufikia daraja ina maji, vaa viatu vya zamani vya kufunga kwa kamba. Beba maji ya kunywa lita moja na nusu kwa mtu, kofia yenye ukingo, na shati la mikono mirefu lisilo jeupe. Jioni upepo ukikata usubi hutoka kwenye mikoko, nao hawajali kwamba unatazama ndege. Aprili mvua inaweza kushuka wakati wowote, hivyo mfuko mzito usiopitisha maji wa kufunika darubini ni lazima. Kibanda husaidia ila mvua ya upepo huingia pembeni.

Malipo yataje yote mwanzoni. Uliza kama bei ya kikundi ina ada ya daraja ndani yake, kama darubini za shingoni za kuazima zinalipiwa, na kama mtumbwi ni wa hiari. Ukitaka kuingia kwa mashua upande wa hifadhi ya bahari, ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni jambo jingine. Ada ya daraja ilipe kwa moyo mweupe: inachangia mfuko wa ASSETS, unaosimamiwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, unaowalipia karo wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hii. Hii ndiyo sababu kubwa ya kumchukua mwongozaji wa kijijini badala ya gari la kitalii kutoka Mombasa. Pia ndiye anayejua leo ndege wamelalia upande gani.

Kufika si kazi. Matatu za Mombasa kwenda Malindi hupita Mida, kilomita kama 100 kutoka Mombasa, na kutoka barabarani bodaboda anajua daraja. Wanaotoka Watamu huchukua tuktuk kupitia Gede. Epuka wikendi ya Pasaka, ambayo mara nyingi huangukia majira haya. Daraja hujaa wapiga picha za harusi na za likizo, na mbao hazitulii hata dakika moja. Jumanne au Jumatano ya wiki hiyohiyo unaweza kukikuta kibanda kitupu.

Ukiweza kutoa siku nzima, unganisha: msitu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, mapumziko na madafu Gede, halafu hori kuanzia saa nane na nusu. Asubuhi ya msitu ni ngumu zaidi, ndege wanasikika kuliko kuonekana, na yule bundi mdogo wa Sokoke, anayepatikana mahali pachache tu, kama hapa na Usambara Mashariki huko Tanzania, hutafutwa kwa mtu anayejua mti anaolalia mchana. Wasioshughulika na ndege kikundini watafurahia isanje, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye matako ya dhahabu, akivuka njia.

Hukumu: kwa kikundi kidogo, siku ya maji, na mwongozaji anayeketisha watu, nyota tano bila kusita. Kwa watu 12 saa kumi na mbili asubuhi, mbili, na hizo ni za daraja na mikoko. Aliyekosa Machi na Aprili asikimbilie kuja Juni akidhani patakuwa vilevile. Kufikia katikati ya Mei wanaosafiri wameshaondoka, na wanaobaki tambarareni ni wachache, wengi wao wa mwaka wa kwanza, wasiozaa bado, waliobaki na manyoya yao ya kijivu.